Nilivyofuata Miraba ya Mabula hadi Nyarugusu

Mmeniuliza vya kutosha. Kila anayeleta mpunga kukoboa hapa kwangu Shinyanga anasimama mlangoni anauliza: Mzee Luhende, Geita ulifuata nini, dhahabu tena kwa umri huo? Wengine mmesema nimeokota na ninaficha. Wengine mmesema akili zimeniruka tangu nimzike Mabula. Nimechoka kujibu vipande vipande huku mashine inanguruma, kwa hiyo nimeandika. Darasa langu ni la tatu. Atakayeona kosa alinyamazie.

Koti

Mabula alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Nilimsomesha kwa mikono hii, kwanza nikiwa mchimbaji, halafu mnunuzi wa ngozi, halafu mwenye mashine. Akawa mpima ardhi. Miaka kadhaa alifuatana na watu wa drili, wale wanaotoboa ardhi kujua mwamba una nini, yeye akiwapimia pa kutoboa. Mimi nilitaka arudi ashike mashine, hakutaka. Na jioni, badala ya kukaa na watu, alikaa na karatasi za miraba.

Mchezo wenyewe ni wa Wajapani, unaitwa sudoku. Miraba tisa kwenda chini, tisa kwenda pembeni, unajaza namba moja hadi tisa na namba haitakiwi kujirudia. Mabula na wenzake wa nchi mbalimbali walikuwa wameuongezea jambo. Mtu anaficha kisanduku porini, halafu anatengeneza fumbo. Ukilimaliza, kuna miraba iliyotiwa rangi, namba za hapo zinakuambia kisanduku kilipo, kusini kiasi gani na mashariki kiasi gani. Unaziweka kwenye simu, unakwenda kwa miguu kupekua. Ndani hakuna hela. Watu wazima, wenye kazi zao, wanavuka nchi kwa ajili ya kopo la plastiki. Mimi niliona upuuzi.

Siku ya Krismasi, mashemeji zake wakiwa wamekaa, nilisema kwa sauti: "Mimi nimesomesha mtu wa kucheza miraba." Watu wakacheka. Na yeye alicheka. Baada ya chakula akanifuata uani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Baba, hili nimekutengenezea wewe. Kisanduku nimekificha mwenyewe. Chukua muda wako, ila utatue kwa mkono wako."

"Haya," nikasema, nikaitia mfukoni mwa koti. Koti lile huwa nalivaa harusini na misibani tu.

Mwezi wa nane figo zikamshinda. Nilipolivaa tena lile koti ilikuwa kwenda kumzika. Pale kaburini nikatia mkono kutafuta leso, nikaikuta karatasi.

Matanga yalipokwisha nikamwonyesha mkwe wangu Neema, mjane wake. Aliitazama, akasema neno ambalo bora angelinyamazia. "Baba, alikuwa ananiuliza kila wiki kama umeifungua."

"Ndani ya hicho kisanduku kaweka nini?"

"Hakuniambia. Alisema ni jambo lenu wawili."

Hicho ndicho nilichokwenda kutafuta. Mtoto wangu aliniachia kitu chini ya jiwe, nikakikalia miezi minane akiwa hai na kuniulizia. Msiongeze kingine hapo.

Neema alinifundisha kanuni kwa siku moja, nikamwambia sasa kaa mbali. Mimi nilielewa kivyangu. Karatasi ina mazizi tisa, kila zizi lina ng'ombe tisa, hakuna ng'ombe wawili wa rangi moja kwenye zizi, wala kwenye njia ya kwenda malishoni, wala njia ya kurudi. Nikishaliona hivyo, linakwenda. Lakini polepole. Nilimaliza msimu wote wa kukoboa mpunga nikiwa na ile karatasi juu ya gunia. Kuna mahali nilikwama kabisa, nafasi moja inaweza kuwa tatu au nne. Neema alishaniambia fumbo zuri halitaki kubahatisha. Lakini mimi nimekula kwa kubahatisha maisha yangu yote, nani alishawahi kuambiwa na ardhi kabla hajachimba? Nikaandika nne. Mbele kidogo zizi moja likawa na nne mbili. Nikasema ni macho haya, nikafuta moja kwa kiganja, nikaendelea mpaka mwisho.

Namba zikanipeleka Ushetu, huko ndani ya Kahama. Nikafunga begi.

Shinyanga hadi Kahama

Basi lilitoka asubuhi vizuri. Tulipofika Tinde likasimama, kondakta akasema dakika kumi. Tulikaa pale hadi adhuhuri, fundi yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilinunua matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, nikakaa kwenye kivuli cha basi lenyewe maana kingine hakikuwepo.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Nilitoa karatasi kuhakiki namba. Akaitazama, akaona miraba, namba, mahali palipotiwa rangi nyekundu. Uso ukambadilika.

"Pole baba yangu. Ni majibu ya hospitali hayo?"

Ningemwambia nini? Kwamba mzee mzima mwenye mvi anafuata mchezo? Nikasema, "Ndiyo."

"Wamekuambia ni figo?"

Nikaikunja karatasi mara nne. Mama yule akanishika mkono, akafumba macho, akaniombea kwa sauti mpaka wale waliokuwa wanakojoa vichakani wakarudi kuona kuna nini. Wakaitikia amina, wote. Dereva akaja kuniuliza kama nataka kukaa kiti cha mbele, kisichorusha sana. Nikakaa kiti cha mbele hadi Kahama, mgonjwa wa uongo.

Ushetu, kwenye tumbaku

Bodaboda alinishusha mahali simu iliposema tumefika. Ni shamba la tumbaku, na ile nukta ya buluu imekaa juu ya bani, lile jengo la udongo la kukaushia majani. Nikalizunguka mara mbili. Nikaona tofali limelegea chini ya ukuta, nikapiga magoti nikaanza kulitikisa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Unabomoa bani langu."

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, Msumbwa, jembe begani. Baadaye nilijua wanamwita Baba Tabu. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilinitisha. Nyuma yake mke wake na ndugu zake wawili walikuwa wameacha kazi, wanatazama.

"Natafuta kisanduku," nikasema.

"Cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Mwanao kaweka kisanduku kwenye bani langu?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia?" Kisha kwangu: "Mzee wangu, kama umetumwa na mtu kuweka dawa hapa, sema tuitoe pamoja, kwa amani. Mwaka jana bani la jirani liliungua."

Nikamweleza, mara hii kweli tupu, tangu koti hadi pale. Ndugu zake walicheka sana. Mmoja akasema Wajapani wana kazi kweli, wametuletea magari sasa wanatuletea na matofali ya kutikisa. Baba Tabu hakucheka. Akauliza, "Na huyo mwanao, mbona hujampigia simu akwambie?"

"Nimemzika."

Akalishusha jembe begani akaliweka chini. "Twende ukale," akasema.

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Mvua ikaanza tukiwa bado tunanawa, ikanyesha siku mbili, mto wa njiani ukajaa, bodaboda hawapiti. Nilikaa kwa watu wale nisiowajua, nikalala kitanda ambacho nadhani kilikuwa cha Baba Tabu mwenyewe. Mchana tulikaa kwenye banda tukishona majani ya tumbaku kwenye fito. Ni kazi ya mikono, kichwa kinabaki bure, na kichwa changu kilikuwa kwenye ile nne niliyoifuta. Siku ya pili nikaacha fito, nikatoa karatasi, nikafuta kila kitu nilichoandika baada ya pale. Nikahesabu ng'ombe upya, zizi kwa zizi. Nafasi ile haikuwa inahitaji kubahatisha hata kidogo. Ilikuwa tatu. Ukitazama njia ya pembeni, nne imeshakaa mahali pengine, iko wazi, Mabula mwenyewe aliichapa pale tangu mwanzo. Mimi ndiye sikutazama.

Tatu badala ya nne, na kisanduku kikahama kutoka kwenye tumbaku kwenda kaskazini kabisa, upande wa Nyarugusu, huko huko ambako mimi nilichimba ujanani na kumkataza Mabula asije akakanyaga.

Nilipoondoka, mke wa Baba Tabu alinifungia michembe, viazi vikavu vya kukatwa, kwenye gazeti. "Ukikipata utupigie," akasema. Sijapiga.

Kahama hadi Geita

Gari la Noah lilijaa haraka, likaondoka, sina la kulalamika. Njia ile ya Kakola nilikuwa sijaipita miaka mingi. Mahali tulipokuwa tunalala kwenye maturubai pana uzio wa mgodi wa kampuni sasa, mrefu, unakwenda pamoja na gari mpaka unachoka kuutazama. Nikatazama magoti yangu. Nikasinzia. Njia panda ya Nyarugusu ikapita, hakuna aliyeniamsha kwa kuwa hakuna niliyemwambia ninakoshuka. Nilikuja kuzinduka Geita stendi, dereva ananigonga bega: "Mzee, mwisho wa gari."

Nilikaa Geita siku nzima ya pili kwa sababu simu ilikuwa imeingia maji Ushetu, fundi akaiweka juani akaniambia nisubiri. Nilikaa kwenye benchi lake. Wanunuzi wa dhahabu walikuwa mtaa wa pili, kila mmoja na mzani wake, wananiita, "Mzee, una mzigo?" Kila ninayemkatalia ananitazama kama namdanganya. Samaki niliyekula siku ile alikuwa mbichi katikati. Nikamla hivyo hivyo, sikuwa na hamu ya kugombana.

Simu ilipowaka, nukta ya buluu ilikuwa mahali pake.

Nyarugusu, kwa Mama Pili

Haya sasa, kosa langu liko hapa. Nimeliandika lote, msije mkasema nimeruka.

Nilifika saa sita mchana. Makarasha, zile mashine, yanasaga mawe, vumbi tele, watu weupe kama wametoka kwenye unga. Nilikaa kwa Mama Pili, mama wa chakula, pana meza mbili na mabenchi, pamejaa wachimbaji wanakula wali maharage. Nikaagiza. Nikatoa karatasi na miwani ili nizihakiki namba za kwenye simu, nisikosee tena.

Kijana mmoja mwenye karasha, mnene, wanamwita Bosi Deo, akachungulia.

"Wee, mzee anajaza mkeka!"

Wote wakageuka. Mkeka ni ile karatasi ya kubeti mpira.

"Babu, umeweka mechi ngapi?"

"Muulizeni timu gani ameipa ushindi nyumbani!"

"Babu, mkeka wako umechanika, una rangi mpaka kwenye sare!"

Mama Pili akasema, "Mwacheni mzee ale." Naye alikuwa anacheka.

Mimi nilichimba pale kabla mama zao hawajaolewa. Kuna duara pale, shimo la kuchimbia, nililishuka kwa kamba ya katani, na mishumaa, wakati wao wanashuka kwa winchi na taa kichwani. Nilizika wenzangu wawili kwenye ile ardhi. Nikaona nachekwa, sahani mbele yangu, kama nilivyomcheka mwingine siku ya Krismasi, lakini siku ile sikuliona hilo. Nililiona baadaye. Siku ile niliona hasira tu.

Nikavua miwani. Nikasema, "Aliyeandika karatasi hii alikuwa anapima pa kutoboa kwa mashine ya drili."

Ni kweli tupu, hamna uongo hata herufi moja. Na kila mtu pale alijua karatasi ya drili inafananaje: miraba, namba, mahali palipotiwa rangi pana mali. Vijiko vikasimama.

Bosi Deo akashusha sauti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Na hapo penye rangi, ni wapi?"

"Kula wali wako," nikamwambia.

Nilipaswa kusema wakati ule ule kwamba ni mchezo. Ningechekwa dakika tano zaidi. Lakini ule ukimya niliupenda. Nilikaa nao mpaka nikamaliza sahani, nikaongeza na soda. Halafu nikaita bodaboda wa pale pale, mbele yao, nikamwonyesha nukta kwenye simu. Akasema, "Kilima kile cha mawe, nyuma ya mashamba ya muhogo. Nakijua. Lakini kwa leo njia imeharibika, mvua, tuondoke kesho asubuhi." Nikakubali. Nikaenda kulala nyumba ya wageni jua likiwa bado juu, mgongo unauma, nimeridhika na nafsi yangu.

Kilimani

Asubuhi bodaboda hakuja. Simu yake haipokelewi. Nikatembea, mwendo wa saa mbili kwa miguu, njia inateleza. Nilipokaribia nikasikia nyundo. Mchimbaji hasahau sauti ile, nyundo juu ya tindo, nyingi, haziendi pamoja. Nikaanza kukimbia na miguu hii.

Walikuwa kama arobaini. Kilima chote wameshakigawa kwa kamba za katani, kila kikundi na kipande chake. Mtu mmoja amekaa juu ya ndoo na daftari anaandika majina ya watakaogawana. Yule bodaboda wangu yupo, ana sururu, aliponiona akageukia upande mwingine. Shamba la muhogo chini ya kilima limekanyagwa limekuwa barabara. Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuwa amesimama katikati na panga mkononi, anazunguka, hajui aanze kumfukuza nani.

"Mwenye karatasi kafika!" Bosi Deo akapiga kelele. "Mzee, karibu, tumekuwekea fungu lako. Tuonyeshe tu, tunashuka upande gani?"

Nikapanda juu ya jiwe. Nikasema kwa sauti yote: "Hapa hakuna dhahabu! Ile karatasi ni mchezo! Ni mchezo wa Wajapani, mwanangu aliutengeneza, nimekuja kutafuta kopo lake! Nimewadanganya!"

Kisha mtu akasema, "Mzee anataka tuondoke achimbe peke yake."

Wakacheka, wakarudi kwenye nyundo.

Nikamfuata Deo nikamwonyesha karatasi kwa karibu, nikamweleza mazizi, nikamwambia hesabu mwenyewe. Akanipigapiga bega. "Mzee wangu, hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Heshima yako ipo." Kadiri nilivyoapa ndivyo nyundo zilivyozidi. Nilipoapa kwa kaburi la mtoto wangu, wawili waliokuwa wamekaa wakainuka wakachukua sururu.

Yule mama mwenye shamba nikamwendea. Nikamwambia, "Mama, hawa nimewaleta mimi kwa mdomo wangu. Nisamehe."

Akanitazama miguuni. "Sogea," akasema. "Unakanyaga shina."

Nikasogea. Nikakaa chini ya mawe nikatazama simu. Nukta ilikuwa kama hatua thelathini kutoka nilipokaa, na pale pale ndipo palikuwa na shimo kubwa kuliko yote. Kama kopo lilikuwepo, basi lilikuwa limeshapondwa.

Akaja mtu akakaa karibu yangu. Si kijana, ana mvi kidogo, vumbi mpaka kwenye kope. Akasema jina lake Hamisi, ametokea Kondoa.

"Mzee, umesema kopo?"

"Nimesema."

"La plastiki, limefungwa utepe mweusi?"

Nikamgeukia. Akaniambia walilikuta alfajiri, chini ya jiwe la kwanza waliloling'oa. Wakalifungua wakidhani ni mali. Walipokuta kitabu chenye majina ya watu, tena majina mengine ya kigeni yasiyosomeka, wakalitupa kama limewaunguza. Majina ya watu yamezikwa chini ya jiwe, mahali pa dhahabu: kwa wachimbaji hilo lina maana moja tu, kuna mganga ametoa watu kafara. Wengine walitaka kulichoma, lakini hakupatikana wa kulisogelea na kiberiti. Liko kule nyuma, juu ya jiwe, watu wanalizunguka mbali.

"Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne," Hamisi akasema. "Niliona haifanani na kafara. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Jina lako ni Luhende?"

Akaenda akalileta, amelishika kwa mikono miwili, na wenzake wakampisha njia pana.

Kifuniko kimepasuka, lakini kitabu kizima. Ni kidogo, cha kutia mfukoni, na penseli imefungwa kwa uzi. Hakuna kingine. Hakuna barua. Mwandiko ni wa Mabula, nilimlipia ada nikiutazama ule mwandiko tangu darasa la kwanza. Juu kabisa ameandika:

*Mstari wa kwanza ni wa baba yangu, Luhende. Ukifika kabla yake, karibu sana, anzia wa pili.*

Na chini yake maneno hayo hayo kwa Kiingereza.

Kisha namba moja, na mbele yake hapana kitu.

Kumbe fumbo lile aliwapa na wenzake wa mchezo. Namba mbili ameandika mtu wa nje, maandishi yake kama vijumba. Namba tatu jina la kike, daktari. Nne na tano siwezi kuyasoma. Walikuwa wamevuka bahari au wametoka mjini, wametatua, wamepanda kile kilima, wamekuta nafasi ya kwanza iko wazi, na hakuna hata mmoja aliyeigusa. Namba sita ni mtu wa Mwanza, ameandika kwa Kiswahili: *Nimekuachia nafasi yako. Mzee, njoo.*

Nikafunua kurasa moja moja mpaka mwisho, nikarudi ule wa kwanza. Nyundo zinaendelea. Hamisi hakuniharakisha. Mwisho akafungua ule uzi, akanipa penseli.

"Andika, mzee. Si ndicho kilichokuleta?"

Nikaiweka ncha ya penseli pale. Namba moja. Nikashindwa kuishusha.

Mnaojua machimbo mnajua desturi yetu. Jiwe ni la aliyeligonga. Unaweza kuwa umelala njaa wiki nzima pembeni ya mwamba, mwenzako akaja akagonga mara moja akatoa, ni lake, na ukitia jina lako kwenye jiwe la mwenzako hakuna atakayeshuka na wewe tena. Nimeishi kwa sheria hiyo miaka yangu yote, sijawahi kuivunja hata nilipokuwa sina kaptula. Na kopo lile sikulipata mimi. Limepatikana na watu arobaini niliowaita kwa majivuno yangu, wamelitoa kwa nyundo, wamelitupa kwa hofu. Mimi nilikuta limeshatoka.

"Wa kwanza aliyelishika ni nani?" nikauliza.

"Ni mimi niliyeling'oa lile jiwe," Hamisi akasema. "Lakini mimi mzee siandiki hapo. Hapo pana jina la mtu."

"Na mimi siandiki."

"Sasa aandike nani?"

"Hakuna."

Nikashuka chini ya yule mtu wa Mwanza. Nikachora namba saba mwenyewe, kwa kuwa Mabula hakufika huko. Nikaandika: *Luhende, Shinyanga. Nimechelewa.* Herufi zangu ni kubwa, zilikula mistari miwili.

Kurudishia kopo haikuwezekana, mahali pake hapakuwepo tena. Nikalifunga kwenye shati langu la akiba nikashuka. Yule mama alikuwa ameanza kuinua mashina ya muhogo, moja moja, anayashindilia udongo kwa kisigino. Niliweka begi chini nikaanza kushindilia na mimi upande wa pili. Hakuniambia niache wala hakuniambia asante. Tulifika katikati ya shamba jua likiwa kichwani. Kule juu bado walikuwa wanagonga, na nasikia waligonga wiki mbili zaidi.

Neema nilimpa kitabu akakisoma jikoni kwake, akanirudishia. Kiko kabatini, nyumba ya mbele. Anayetaka kukiona aje, nitamwonyesha kurasa zote. Penseli nimeitoa, nimeiweka mbali, kwa sababu kuna siku nalifungua lile kabati na mkono unataka.